Ukweli wa Nishani

Binadamu ni mkusanyaji kwa tabia yake. Mmoja hukusanya stempu, mwingine sarafu, mwingine kauri za pwani, na kila mmoja huona raha kuvipanga vitu vyake na kuvitazama. Hapana lawama katika jambo hilo. Aghalabu huwa ndilo mwanzo wa elimu, maana mtu hawezi kuweka vitu mia mbele yake bila ya kujiuliza kila kimoja kilitoka wapi, kilifanyizwa na nani, na kwa kazi gani. Lakini vipo vitu ambavyo kuvikusanya huamsha swali zito kuliko yale ya stempu na sarafu. Miongoni mwavyo ni nishani na beji za Ujerumani, hasa zile zilizotolewa na jeshi na chama cha Nazi kati ya mwaka 1933 na mwaka 1945. Wako watu wengi katika Ulaya na Marekani wanaozinunua, wanaozipima na kubishana juu yake, na swali wanaloulizana daima ni hili: Je, hii ni ya kweli? Nataka kuonyesha katika insha hii kwamba swali hilo ni moja kwa sauti lakini ni mawili kwa maana, na kwamba ajibuye la kwanza akaliacha la pili amefanya nusu ya kazi, na nusu hiyo yaweza kumpoteza.

Kwanza tufahamu nishani ni nini. Nishani ni neno la dola lililoandikwa kwa madini. Dola humwambia mtu mmoja mbele ya watu wote, "Wewe umetenda jambo tunalolitukuza." Madini yenyewe yaweza kuwa na thamani ndogo kuliko kijiko cha fedha, lenye uzito ni neno.

Nishani mashuhuri kuliko zote za Ujerumani ni Msalaba wa Chuma. Mfalme Friedrich Wilhelm wa Tatu wa Prussia aliuanzisha tarehe 10 Machi 1813, nchi yake ilipokuwa ikijiandaa kupigana na Napoleon. Chuma, madini ya jembe na ya sufuria, kilichaguliwa kwa makusudi, kwa kuwa nchi ilikuwa katika dhiki na raia waliombwa watoe dhahabu yao kwa ajili ya vita. Tena msalaba huo haukubagua cheo. Askari wa kawaida aliweza kuupata sawasawa na jemadari. Ulirudishwa katika vita vya mwaka 1870, kisha vya mwaka 1914, na mara ya mwisho mwaka 1939, na safari hiyo katikati yake ilitiwa swastika, alama ya chama cha Nazi. Mwaka 1918 Kaisari Wilhelm wa Pili alianzisha pia beji ya majeraha: nyeusi kwa aliyejeruhiwa mara moja au mbili, ya fedha kwa mara tatu au nne, na ya dhahabu kwa mara tano au zaidi.

Chama cha Nazi nacho kilikuwa na beji zake. Kila mwanachama alivaa beji ndogo ya mviringo. Wale wa zamani, wenye namba ya uanachama iliyo chini ya 100,000 na ambao hawakutoka chamani hata siku moja, walipewa beji yenye shada la dhahabu. Wanawake nao hawakusahauliwa: mwaka 1938 ulianzishwa msalaba wa mama wenye watoto wengi, wa shaba kwa watoto wanne, wa fedha kwa sita, na wa dhahabu kwa wanane. Mtawala yule alijua kwamba moyo wa mtu hununuliwa kwa bei nafuu sana ikiwa utamtundikia kitu king'aacho kifuani, majirani wakitazama.

Dola ile ilipoanguka mwaka 1945, wengi wa waliozivaa beji hizo walizitupa mitoni au walizifukia bustanini. Nyingine zilichukuliwa na askari wa Marekani, Uingereza na Urusi, wakazirudisha makwao mifukoni kuwa ukumbusho wa ushindi. Miaka ikapita, vitu hivyo vikawa haba, na wenye kuvitamani wakawa wengi. Wahenga walisema, penye urembo ndipo penye ulimbo. Bei ilipopanda, waghushi walitokea. Wengine walikuwa na chapa zile zile za chuma zilizotumika kabla ya mwaka 1945, wakagonga nishani mpya kwa chapa za zamani. Wengine walifanya kalibu kwa kuigiza nishani ya asili, wakamimina madini yaliyoyeyushwa. Hata leo hakuna mnada wa vitu hivyo ambao mnunuzi aweza kuuingia akiwa amefumba macho.

Basi tuone jinsi mjuzi anavyotofautisha ya kweli na ya bandia, maana kazi hiyo ina mafundisho. Msalaba wa Chuma wa mwaka 1914 au wa mwaka 1939 haukufanyizwa kwa kipande kimoja. Mna moyo wa chuma uliopakwa rangi nyeusi, na moyo huo umeshikwa baina ya fremu mbili, ya mbele na ya nyuma, zilizolehemiwa pamoja ukingoni. Mkaguzi hutafuta mshono wa lehemu kwa kioo cha kukuzia. Kisha huleta sumaku: moyo ukivutwa, ni dalili njema, usipovutwa, ana sababu ya kuuliza zaidi, ingawa ipo misalaba michache ya kweli yenye moyo wa shaba. Hupima upana kwa milimita na uzito kwa gramu. Nakala iliyosubiwa hutoka ndogo kidogo kuliko ya asili, kwa sababu madini hunywea yanapopoa. Hewa iliyonaswa ndani huacha vitundu mfano wa alama za ncha ya sindano, na kingo za herufi huwa butu, ambapo nishani iliyogongwa kwa chapa huwa na kingo kali. Hata ila za chapa ni ushahidi, maana ufa mdogo uliokuwamo katika chapa hujirudia katika kila nishani iliyotoka humo, kama alama ya ukoo inavyojirudia katika nyuso za ndugu.

Madini nayo hutaja umri wao. Beji nyingi za mwanzo wa vita vya pili zilifanyizwa kwa madini ya jamii ya shaba. Vita vilipoendelea, shaba ilihitajiwa kwa silaha, na nafasi yake ilishikwa na zinki. Zinki haishiki vizuri rangi ya fedha wala ya dhahabu. Kwa hiyo beji nyingi za kweli za miaka ile ya mwisho zimefifia zikawa za kijivu, na ile ing'aayo kama iliyotoka dukani jana humtia mjuzi shaka kabla ya kumfurahisha. Tena kuna namba za watengenezaji. Idara ya chama iliyoitwa Reichszeugmeisterei, kwa ufupi RZM, ilimpa kila kiwanda kilichoruhusiwa namba yake, na namba hiyo iligongwa nyuma ya beji. Mghushi asiyejua huandika namba ya kiwanda ambacho hakikufanya beji ya aina ile. Mwisho, utepe wa nishani huwekwa gizani chini ya taa ya miale isiyoonekana kwa macho, inayopita rangi ya zambarau. Nyuzi nyingi za baada ya vita zina dawa ya kung'arisha weupe, nazo hutoa mwanga mkali wa buluu. Nyuzi za zamani hubaki zimepoa.

Ukitazama sana, msomaji, utaona kwamba mambo haya yote hudai tabia njema. Hudai subira, maana mwenye haraka hununua bandia. Hudai unyenyekevu, maana dalili moja haitoshi, na mjuzi wa miaka thelathini bado hukosea. Zaidi ya yote hudai mtu ayapinge matamanio ya moyo wake mwenyewe. Wakusanyaji wana usemi wao: nunua kitu, usinunue hadithi yake. Muuzaji husema beji ilitoka katika sanduku la babu yake, kwamba babu aliivua katika kifua cha jenerali. Na mnunuzi, kwa kuwa ataka iwe hivyo, husadiki. Uongo haupati nguvu kwa werevu wa msemaji peke yake. Hupata nguvu kwa hamu ya msikilizaji.

Mfano mkubwa wa jambo hili ulitokea mwaka 1983. Mwezi wa Aprili jarida la Stern la Ujerumani Magharibi lilitangaza kwamba limepata shajara za siri za Adolf Hitler, vitabu kadiri ya 60, ambavyo lilikuwa limevilipia zaidi ya marki milioni 9. Mwandishi aliyezileta, Gerd Heidemann, alikuwa yeye mwenyewe mkusanyaji wa vitu vya enzi ya Nazi. Aliyemuuzia, Konrad Kujau, alikuwa mchuuzi wa vitu hivyo, na vingi alivighushi kwa mkono wake. Hata mwanahistoria mashuhuri wa Uingereza, Hugh Trevor-Roper, alizikubali kwanza, kisha akaingiwa na shaka. Tarehe 6 Mei Hifadhi ya Nyaraka ya serikali ilitoa hukumu: karatasi ilikuwa na dawa ya kung'arisha weupe ambayo haikutiwa katika karatasi wakati Hitler alipokuwa hai. Taa ile ile inayofichua utepe wa bandia ilifichua na shajara. Tena ilionekana kwamba herufi zilizobandikwa juu ya jalada zilikuwa FH badala ya AH, nao waliotamani kuamini walikuwa wamezitazama bila ya kuziona. Mwaka 1985 Heidemann na Kujau walihukumiwa vifungo vya zaidi ya miaka minne. Ukweli ukidhihiri, uongo hujitenga. Lakini hudhihiri kwa wale tu wanaokubali kupima.

Hilo ndilo swali la kwanza, na wanaolijibu kwa uaminifu wanastahili heshima. Sasa tufike kwenye la pili. Nishani imepimwa, sumaku imeitika, mshono umeonekana, namba ni sahihi. Chuma ni cha kweli. Je, neno lililoandikwa juu ya chuma hicho ni la kweli pia?

Sisi wa Afrika Mashariki tunao mfano karibu yetu. Katika vita vya mwaka 1914 hadi mwaka 1918, Paul von Lettow-Vorbeck aliyaongoza majeshi ya Ujerumani katika nchi ambayo leo ni Tanzania Bara na mipakani mwa Kenya. Mnamo Novemba 1916 alipewa Pour le Mérite, nishani ya juu ya ushujaa iliyoanzishwa mwaka 1740 na Mfalme Friedrich wa Pili. Nishani hiyo ilikuwa ya kweli, naye alikuwa hodari wa vita. Hata maadui zake walikiri. Lakini majeshi ya pande zote mbili yalitembea juu ya mabega ya wapagazi wa Kiafrika, na makumi ya maelfu yao walikufa kwa njaa na maradhi. Mitaa ya Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam imerithi jina la kikosi cha wapagazi wa upande wa Waingereza. Nishani ile haisemi uongo juu ya jemadari, ila yanyamaza juu ya mpagazi, na mtu aisomaye peke yake atadhani kwamba vita vile vilikuwa hadithi ya ushujaa tu. Nyumba njema si mlango.

Kunyamaza ni ila ndogo. Katika Ujerumani yenyewe nishani zilifikia kusema uongo mtupu. Wayahudi wapatao 100,000 walitumika katika jeshi la Ujerumani katika vita vya kwanza, na kadiri ya 12,000 walikufa. Wengi walirudi na Msalaba wa Chuma. Mmoja wao alikuwa Luteni Hugo Gutmann. Na mwaka 1918 ni yeye aliyempendekeza koplo mmoja, Adolf Hitler, apewe Msalaba wa Chuma wa Daraja la Kwanza. Hitler aliuvaa kifuani miaka yote ya utawala wake, pamoja na beji nyeusi ya majeraha na beji ya dhahabu ya chama. Gutmann alilazimika kuikimbia nchi aliyoipigania, akaishia Marekani.

Kisha ilitoka beji nyingine, ambayo haikuwekwa katika sanduku lenye kitambaa cha mahameli. Kuanzia tarehe 19 Septemba 1941 kila Myahudi aliyetimiza miaka sita katika Ujerumani alilazimishwa kushona kifuani nyota ya manjano ya kitambaa yenye neno Myahudi kwa Kijerumani. Katika kambi za mateso wafungwa walishonewa pembetatu: nyekundu kwa wapinzani wa siasa, zambarau kwa Mashahidi wa Yehova, na rangi nyingine kwa wengine. Dola iliyowapa wengine alama ya kutukuzwa iliwapa wengine alama ya kuangamizwa, na zote mbili zilitungwa maofisini kwa utaratibu na amri zilizoandikwa vizuri.

Alama hizo mbili zilikutana katika kifua cha mtu mmoja. Tarehe 20 Januari 1942 wakuu wa serikali walifanya mkutano katika nyumba moja ya Wannsee, Berlin, ili kupanga maangamizi ya Wayahudi wa Ulaya. Kumbukumbu za mkutano huo zasema kwamba Wayahudi waliojeruhiwa vibaya vitani, na wenye nishani kama Msalaba wa Chuma wa Daraja la Kwanza, wapelekwe katika ghetto ya wazee ya Theresienstadt. Hiyo ndiyo ilikuwa thamani ya neno la dola. Huko Theresienstadt walikufa watu zaidi ya 30,000, na wengine zaidi ya 80,000 walisafirishwa kutoka huko kwenda mashariki, wengi Auschwitz. Msalaba wa mtu yule ungepita kila jaribio la sumaku na la kioo. Chuma kilikuwa cha kweli, shukrani ilikuwa ya bandia.

Je, ni haki basi kuvikusanya vitu hivi? Wako wasemao kwamba si haki hata kidogo. Husema kwamba kila shilingi inayolipwa huongeza bei ya kumbukumbu ya uovu, kwamba wako wanaoficha mapenzi ya Unazi nyuma ya jina la elimu, na kwamba bado wako watoto na wajukuu wa waliouawa ambao kuiona alama ile ni kuchomwa upya. Mwenye kovu usidhani kapoa. Hoja hizi ni nzito, wala mkusanyaji hana ruhusa ya kuzicheka. Ujerumani yenyewe imezizingatia: sheria yake ya jinai yakataza kuzionyesha hadharani alama za Wanazi, isipokuwa kwa ajili ya elimu, sanaa na mambo ya namna hiyo. Sheria ya mwaka 1957 iliwaruhusu askari wa zamani kuvaa nishani zao za vita kwa sharti kwamba swastika imeondolewa, zikafanyizwa nyingine zenye majani ya mwaloni mahali pake. Wengine huona hiyo kuwa busara, kwa kuwa ushujaa wa mtu na uovu wa bwana wake si kitu kimoja. Lakini msalaba uliofutwa swastika husema kwamba mtu alikuwa shujaa, ukanyamaza juu ya lile alilotumiwa kulifanya.

Wako wengine wasemao kwamba kuviharibu vitu hivyo ni kuwasaidia waongo. Nami naelekea upande wao, kwa masharti. Wako watu wanaokana kwamba mauaji yale yalitokea. Mbele ya mtu wa namna hiyo, kitu cha kweli kilichohifadhiwa pamoja na historia yake ni shahidi asiyechoka. Ndiyo sababu bandia ni hatari kuliko hasara ya fedha: uongo mmoja ukifichuliwa, mkanaji hupata nafasi ya kusema kwamba yote ni uongo. Kwa hiyo anayetenga bandia na ya kweli huwatumikia wafu, hata kama yeye alidhani anailinda mali yake tu.

Lakini utumishi huo hautimii mpaka swali la pili lijibiwe kwa bidii ile ile ya la kwanza. Mtu aliyetumia mwezi mzima kuchunguza bawaba ya pini, akashindwa kutumia siku moja kujua mvaaji wake alitumwa kufanya nini, ameyapa madini heshima aliyowanyima watu. Mkusanyaji mwaminifu ataandika kando ya kila beji jinsi ilivyopatikana, nani alipewa na kwa nini, na dola ile ilitenda nini siku zile zile. Hataivaa, wala hataitundika mahali pa heshima kama picha ya mzazi. Hatamwuzia mtu anayeipenda kwa sababu ya alama iliyomo, hata akipewa bei maradufu. Asipoweza masharti haya, na aipeleke makumbusho.

Juu ya yote atajichunga mwenyewe. Beji hizi zilifanyizwa na mafundi hodari ili zipendeze, na uzuri wao ulikuwa sehemu ya kazi yao. Jicho likizoea kuzisifu kila siku, moyo waweza kulifuata polepole bila ya kujua. Aliyezuia matamanio yake asinunue bandia hana budi kuyazuia pia yasimfanye asahau.

Nawe msomaji, huenda maishani mwako usiishike hata mara moja beji ya Ujerumani. Lakini utashika cheti, utaona medali vifuani mwa watu, utapita mbele ya sanamu na mawe ya ukumbusho, na pengine siku moja utavishwa nishani wewe mwenyewe. Jifunze kuuliza maswali yote mawili. Uliza kama kitu ni cha kweli, maana anayedanganywa katika kidogo hudanganywa na katika kikubwa. Kisha uliza kama linalosemwa na kitu hicho ni kweli, na ni nani asiyetajwa ndani yake. Swali la kwanza utasaidiwa na sumaku, mizani na kioo. La pili halina chombo ila elimu yako na dhamiri yako, na kwa sababu hiyo ndilo linalosahauliwa upesi.